Kama Huwezi Kuamkia Mtu, Punguza Kasi

“Mwanangu, nani kazidiwa?”

Hilo ndilo neno la kwanza nililopewa barabarani. Ilikuwa asubuhi ya tatu ya mazoezi, Julai 2024, hapa kwetu Mikindani, na aliyeniuliza ni bibi mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu kusini, kando ya lami iendayo Mtwara mjini. Kisu mkononi, kinywa wazi. Kwa hesabu zake, mwanamke mzima mwenye watoto wawili hakimbii alfajiri ila kuna mgonjwa, kuna msiba au kuna mwizi. Nikataka kumjibu, nikashindwa. Pumzi ya kusema haikuwepo. Nilimpungia mkono nikapita, na naamini nilimwacha akinisomea dua.

Nilikuwa nakimbia kasi kuliko uwezo wangu, na sababu yake ilikuwa aibu. Nilitaka nipite mbele za watu haraka ili wasipate muda wa kunitazama. Nimeshazungumza na wenzangu kadhaa walioanza mbio ukubwani, na karibu wote walivunjika hapohapo. Kwa hiyo ukitaka kujifunza kitu kimoja tu kwangu, basi ni hiki cha aibu. Habari ya viatu tutafika.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Maisha yangu ni mizani, kalamu na stakabadhi za korosho. Msimu ukifunguka nakaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, na mchezo wangu wa mwisho kabla ya haya ulikuwa rede, darasa la sita. Mwaka mmoja kabla, wifi yangu alijifungua mtoto njiti wa gramu 1,400. Walikaa wodini wiki 5, mtoto amefungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Mimi nimezoea mizani ya magunia. Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza watu wazima wanatokwa na machozi kwa sababu mizani imepanda gramu 20. Basi zilipotangazwa mbio za hisani za kununulia wodi ya njiti vifaa, kilomita 21, mwezi Novemba, nikajiandikisha hata kabla ya kujiuliza kilomita 21 ni mwendo gani.

Ni kama kutoka hapa Mikindani kwenda Mtwara mjini na kurudi. Kwa hesabu kamili ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, na hizo mita 97 zisikuchekeshe, kuna siku utazilaani.

Siku ya tisa miundi yangu yote miwili iliwaka moto. Nazungumzia ule mfupa wa mbele ya mguu, chini ya goti. Nikiubonyeza kwa kidole natamani kulia. Nikapumzika siku 10, huku nikiwaambia watu kwamba nimebanwa na kazi. Baadaye ndiyo nikaelewa. Anayeanza, moyo na mapafu yake huzoea mapema, ndani ya wiki chache tu anaona pumzi imekuja. Mifupa na mishipa inayoshika misuli huchukua miezi. Mapafu yanasamehe haraka, mifupa ina kinyongo. Pumzi inakuambia twende, nawe unakwenda, kumbe miguu haijakubali.

Niliporudi barabarani nilianza upya kabisa: dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 10, basi. Nusu saa imekwisha, narudi nyumbani hata jasho halijakolea. Inaudhi. Unajiona unachezea muda. Lakini kila wiki nilipunguza kutembea kidogo na kuongeza kukimbia kidogo, na wiki ya nane nikamaliza kilomita 5 bila kusimama.

Kasi je? Sikuwa na saa ya kupima mapigo ya moyo na sina mpaka leo. Kipimo changu ni shikamoo. Kwetu Mikindani huwezi kumpita mzee barabarani kimya kama gari, na shikamoo yenyewe haiishii hapo. Unaulizwa za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mama yako goti lake limepoa? Basi nikajiwekea sharti: kila nitakayemkuta nimwamkie na kumjibu yote bila kusimama na bila kukata neno katikati. Nikiona sauti inakatika, nimezidisha. Napunguza, na kama bado, natembea. Kutembea hakuna dhambi. Livingstone alishukia ghuba hii hii mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara, alikwenda kwa miguu, na nyumba ya kumbukumbu bado amewekewa.

Sharti hilo lilitibu mambo mawili kwa pamoja. Kasi ilishuka yenyewe, na aibu ikaisha, maana mtu uliyemwamkia hawezi tena kukutazama kama kituko. Anakuwa mtu mnayejuana. Wiki ya nne nilisimama kabisa mbele ya yule bibi wa ming'oko nikamweleza: hakuna mgonjwa, bibi, au tuseme wapo, lakini ni wadogo sana na wako wodini, nami nakimbia ili wachangiwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua fundo la kanga, akatoa sarafu ya shilingi 500. “Na mimi niandike.”

Ratiba yangu ilikuwa nyepesi: Jumanne na Alhamisi kilomita 4 hadi 6, Jumapili mbio ndefu. Ndefu niliiongeza kilomita 1 au 2 kwa wiki, na kila wiki ya nne niliipunguza ili mwili upate kupumua. Kubwa kabisa niliyokimbia kabla ya siku yenyewe ilikuwa kilomita 18, wiki tatu kabla, kisha nikashuka taratibu. Usitake kukimbia 21 nyumbani ili uhakikishe kama unaziweza. Atakayezilipia ni miguu utakayoihitaji siku ile.

Chakula kilinifundisha adabu. Jumamosi moja nilikula mbaazi za nazi usiku, sahani mbili, maana ni mbaazi na mimi ni mtu wa kusini. Jumapili, kilomita ya 7, tumbo likaanza kuongea. Kilomita ya 8 halikuongea tena, lilitoa amri. Namshukuru sana yule mama ambaye simjui, aliyenifungulia choo chake alfajiri ile bila kuuliza jina. Tangu hapo usiku wa kuamkia mbio ndefu nakula wali mtupu au ugali na samaki mdogo, naacha mbaazi, maharage na pilipili, na asubuhi ni viazi vitamu viwili vya kuchemsha na chai ya rangi, saa moja na nusu kabla ya kutoka. Mwenzangu anakula mkate, mwingine haingizi kitu. Jaribu chako mazoezini. Siku ya mbio si siku ya kuonja.

Maji nayo yana mambo. Oktoba na Novemba huku joto linabana, na kila mtu atakuambia kunywa, kunywa. Kunywa ukisikia kiu. Ukijaza maji matupu tumboni saa nzima huku unatoka jasho, chumvi ya damu inazimuliwa, unapata kichwa kizito na kichefuchefu, na ikizidi ni hatari ya kweli. Kwenye mbio zinazozidi saa moja na nusu nilikuwa nabeba chupa ndogo yenye zile chumvi za kuongezea maji za duka la dawa, wanazopewa wanaoharisha. Ladha yake si ya kusifia.

Viatu nilinunua mitumba, na sioni haya kusema. Ila usinunue kwa rangi. Kikunje: kikijikunja katikati kama kitambaa, kiache. Bonyeza soli kwa dole gumba. Kama imekauka imekuwa kama ubao, kiache. Na kiwe kikubwa kidogo kuliko unachovaa kila siku, vidole vipate nafasi, la sivyo utazika kucha mbili kama mimi. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na chini ya mkanda wa sidiria, tena paka kwa wingi. Mchubuko wa kilomita 15 utauhisi ukijimwagia maji ya kuoga. Nilianza nikiwa nimejifunga kanga kiunoni juu ya suruali kwa ajili ya stara. Upepo wa kusi ukaipiga, ikanifunga magoti, nikaanguka mbele ya kijiwe cha bodaboda. Sasa navaa suruali ya kubana, juu yake shati refu la kufika magotini na ushungi wa kitambaa cha fulana. Stara ipo, na magoti yako huru.

Kuhusu saa za kutoka, usipange Julai ukadhani ndiyo hivyo mpaka mwisho. Julai jua linachomoza kwenye saa 12 na dakika 40 asubuhi, kwa hiyo ukitoka saa 12 bado kuna giza, na barabara hii ina malori ya makaa ya mawe yanayoteremka bandarini usiku kucha. Kimbia upande ambao magari yanakujia usoni, vaa nguo nyeupe, na bodaboda isiyo na taa usidhani imekuona. Ikifika Novemba jua limeshatoka kabla ya saa 12, na saa 1 tayari linauma. Ilinibidi niihamishe ratiba yote nyuma, saa 11 na nusu niko lamini, na Jumapili za mbio ndefu nilikuwa na mume wangu nyuma kwa baiskeli, akilalamika.

Sasa michango, maana mbio za hisani bila michango ni matembezi ya jasho. Nilijiwekea lengo la shilingi 500,000. Agosti nilipita na daftari nikaambulia ahadi tu, nikanung'unika kwamba watu wana roho ngumu. Karani mzima nimesahau kalenda ya mahali ninapofanyia kazi! Agosti mfuko wa mkulima umeishia kwenye palizi na kupuliza dawa mikorosho. Fedha zinaanza kuonekana minada ikianza, Oktoba, malipo yakiingia benki. Nikalifunga daftari, nikalifungua tena mwisho wa Oktoba. Msimu ule bei ilikuwa nzuri na watu walitoa bila kusukumwa. Kama uko Tunduru au Newala ni hivyohivyo. Kama uko kwa wavuvi, uliza bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa sana. Omba pale watu wanapokuwa nacho.

Kingine, omba kiasi kidogo kwa watu wengi. Ukimwomba mtu 20,000 atakukwepa hata msikitini. Ukimwomba 1,000 atakupa 2,000 na kukuombea. Na fedha ya mtu usiichanganye na yako hata siku moja. Nilifungua laini nyingine ya simu kwa ajili hiyo, kila jioni nikaandika jina na kiasi. Jumla ilifika 612,500. Hiyo 500 ya mwishoni mnaijua ilikotoka.

Siku ya mbio, kilomita ya kwanza kila mtu aliruka kama kafunguliwa zizi. Klabu za jogingi zikapita na nyimbo zao, vijana wakapita, mzee mwenye ndevu nyeupe akapita akaniambia “pole, mwanangu”. Nikawaacha. Kilomita ya 3 nilikuwa nimebaki na wenzangu wachache, nyuma yetu gari la wagonjwa likitambaa kama linasindikiza maharusi. Hapo aibu ilijaribu kurudi, nakiri. Nikamwamkia dereva. Nikawaamkia askari wa kwenye makutano, wagawa maji, wanafunzi, nikaendelea kuamkia. Kilomita ya 14 tukaanza kuwaokota wale walioruka, wamekaa kando wanakanda mapaja. Yule mzee nilimkuta kwenye ya 17. “Shikamoo, babu.” Akainua kidole tu, marahaba ilimshinda.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 51. Nilishuka ngazi kinyumenyume siku tatu.

Bado nakimbia. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, yeye na aliyemfuata wakaandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, mpaka picha ya mstarini ikaamua, watoto wa njiani walinibadilishia jina. Sasa naitwa Simbu. Simbu anayepitwa na baiskeli ya muuza samaki.

Lakini kuna jambo moja nililisahau baada ya mbio, usilisahau wewe: warudie waliokuchangia. Wiki ya pili nilipita kwa bibi nikamwamkia kama kawaida, hakuitikia. Akaendelea kumenya.

“Wewe si karani? Mtu akileta mzigo, unampa nini?”

“Stakabadhi, bibi.”

“Yangu iko wapi?”

Nikarudi nyumbani, nikachukua karatasi, nikaandika jina lake, shilingi mia tano, na vile vilivyonunuliwa wodini, kimoja kimoja. Nikampelekea, nikamsomea mara mbili. Akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga, palepale sarafu ilipotoka.

“Mwakani niandike elfu. Sasa sogea, unanizibia wateja.”