Dera limerudi linanukia udi: hukumu ya kurudisha bidhaa zilizouzwa mtandaoni

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa, nashona na kuuza madera. Mwaka wa pili sasa nayaweka kwenye soko moja kubwa la mtandaoni. Sheria yao mnunuzi ana siku saba za kurudisha, hata kwa kusema tu "sikulipenda". Kumi la mwisho la Ramadhani niliuza madera 22, kila moja shilingi 1,800. Baada ya Idi yakarudi 9. Moja lilinukia udi mpaka chumba kizima kikajaa, na shingoni lina poda. Jingine pindo limeshika tope. Mawili hayana lebo. Soko likawarudishia watu pesa zao zote bila kuniuliza, likanikata shilingi 250 za nauli kwa kila mzigo uliorudi, na kamisheni ya 180 waliyokwishaichukua hairudi. Faida yangu kwa dera moja ni 400.

Je, mnunuzi kama huyo yuko katika halali? Naweza kuandika "mali ikiuzwa hairudishwi"? Naweza kupandisha bei nijifidie? Na liko jambo naona haya kulisema. Matatu katika yale yaliyorudi nimeyafua, nikayapiga pasi, nikatia lebo mpya, nikayauza kuwa ni mapya.

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, nakushukuru kwanza kwa sentensi zako mbili za mwisho. Ungezificha nisingejua, nami ningekujibu habari za wateja wako tu, ukaondoka na nusu ya jibu. Tutazifikia.

Nilimwomba kijana wangu anionyeshe soko lenyewe kwenye simu yake, maana kutoa fatwa juu ya jambo usilolijua ni kununua mbuzi kwenye gunia. Nikaona chini ya kila picha pameandikwa siku saba. Akanionyesha na mahali muuzaji anapojisajili: masharti marefu ambayo sidhani kama kuna anayeyasoma, na chini yake neno "nakubali". Ulilibonyeza. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Basi la kwanza ni kujua ulikubali nini.

Ulikubali kile mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wanachokiita khiyari ya sharti: muuzaji na mnunuzi kuafikiana kwamba mmoja wao ana muda wa kufikiri, akitaka atabaki na mali, akitaka ataivunja biashara. Asili yake ni kisa cha Habban bin Munqidh, sahaba aliyekuwa akipunjwa sokoni. Mtume akamwambia akinunua aseme "hakuna kulaghaiana", na katika baadhi ya riwaya akapewa siku tatu. Ndiyo sababu sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, tunasimama kwenye siku tatu. Mahanbali, na wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, wameruhusu muda wowote maadamu unajulikana. Siku saba zinajulikana, watu wamezizoea, na sioni sababu ya kukubania hapo.

Maana yake, aliyelifungua dera, akalishika, akaona rangi si ile aliyoiona kwenye picha, akalikunja na kulirudisha na lebo yake, huyo hana dhambi hata kidogo. Usimnunie. Hakuligusa kabla hajanunua, hakulipima kifuani mbele ya kioo kama anavyofanya dukani. Imamu Shafii mwenyewe katika kauli yake ya baadaye alikuwa mkali sana juu ya kuuza kitu ambacho macho ya mnunuzi hayajakiona. Muda wa kurudisha ndio unaoziba pengo hilo, na bila huo wengi wasingethubutu kununua kwako kabisa. Na hata pasingekuwa na sharti, Mtume amesema anayemkubalia Muislamu kuvunja biashara iliyomjutisha, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Ameipokea Abu Daud.

Sasa tulitazame dera la udi.

Mtume alikataza kumfunga mbuzi au ngamia chuchu siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Akasema aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo, akishamkama ana hiari: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Pishi ni ile ile tunayoipimia zakatul-fitri. Ebu itazame hadithi hii vizuri. Mnunuzi hapa ndiye aliyedanganywa. Muuzaji ni mkosa, mlaghai. Hata hivyo mnunuzi hakuambiwa arudishe mbuzi na maziwa yawe yamekwenda bure. Ameyanywa, basi ayalipie. Ikiwa aliyelaghaiwa analipa, itakuwaje kwa ambaye hakulaghaiwa na mtu?

Atasema mjuzi: mbona iko hadithi nyingine, "al-kharaju bidh-dhaman", kwamba manufaa ni ya yule anayebeba hasara? Ni kweli. Mtu alinunua mtumwa, akamtumikisha, kisha akagundua kasoro, akamrudisha. Muuzaji akadai ujira wa ile kazi, asipewe. Wanazuoni wamezipatanisha hadithi hizi mbili kwa kusema kwamba maziwa yale yalikuwa tayari kiweleni siku ya mauzo, ni sehemu ya kilichouzwa, na ile kazi ilikuja baadaye. Nami nauliza: upya wa dera la Idi uko upande gani? Kwangu mimi upya ulikuwemo ndani ya bei kama maziwa yalivyokuwemo kiweleni. Shilingi 1,800 zililipiwa kitambaa, mshono, na ile hali ya kutovaliwa na mtu. Aliyelifukiza udi, akalivaa kwenda kuswali Idi, akazunguka nalo kwa mashangazi akipewa halua na kahawa, amekwishaunywa upya wote. Anachorudisha ni kitambaa.

Na mafakihi hawakuliacha suala la kuvaa. Wametenganisha kuvaa kwa kujaribu na kuvaa kwa kujinufaisha. Kulitia mwilini uone kama linaburura, ni haki yako. Kulivaa kutwa nzima ni kitendo cha mwenye mali, na kwa kitendo hicho umeshasema "nimeridhika", hata kama ulimi haujatamka. Khiyari yako imeanguka. Ukiandika kwenye fomu "halikunitosha", umeongeza na uongo. Na aliyenunua tangu mwanzo akinuia kuvalia Idi kisha arudishe, amekula mali ya mwenziwe kwa batili, na aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inamhusu bila kuzunguka. Anayesoma haya naye amewahi kulifanya, amtafute muuzaji amlipe tofauti ya bei. Soko kumrejeshea pesa hakumhalalishii kitu. Mashine haikuinusa nguo.

Lakini usiwatie wote kapu moja. Yamerudi 9, umenisimulia manne. Yale matano yamerudi safi? Nilimuuliza mke wangu, akacheka, akasema dera huuzwa saizi moja kwa wote, nao wanawake hawana urefu mmoja. Kama hukuandika urefu wa nguo kwa inchi, baadhi ya marejesho hayo yametoka kwako mwenyewe. Pia yuko anayelivaa mara moja kwa nia safi, mshono wa kwapa ukaachia kwa sababu uzi ulikuwa mbovu. Huyo ana haki ya kurudisha kwa kasoro, wala humdai ujira wa kule kuvaa. Hapo ndipo hadithi ya pili inapokaa. Ila katika madhehebu yetu arudishe mara tu anapoiona kasoro, asiendelee kulivaa wiki nzima huku akijua.

Kuhusu soko lenyewe. Hilo ni wakala wako kwa ujira, na mkono wa wakala ni mkono wa amana. Ile 250 kama imo katika masharti uliyokubali, imekufunga, ingawa inauma. Nimepiga hesabu yako: dera moja likirudi, 250 na 180 ni 430, yaani limekula faida nzima ya dera jingine na shilingi 30 juu. Mfanyabiashara mkubwa mwenye bidhaa elfu kumi anazimeza hasara hizo bila kuzihisi. Wewe madera 9 yamekula faida ya mengine 9 kati ya 13 yaliyobaki kwa wateja, na zaidi. Mkataba unaweza kuwa sahihi na bado ukawa mzito upande mmoja, na mwenye soko akiwa Muislamu ajue kwamba atakuja kuulizwa kwa nini kanuni ya kumridhisha mnunuzi ililipiwa yote na mshonaji.

Kukata kitu kisichokuwemo kwenye masharti ni jambo jingine. Kadhalika kurudisha pesa zote kwa nguo yenye tope pindoni, kama masharti yao wenyewe yanasema nguo irudi haijatumika. Wakala akiitoa mali ya aliyemwakilisha kwa uzembe, anailipa. Dai. Kudai haki hakupunguzi subira. Piga picha ya nguo unapoifunga na nyingine mbele ya mtu wa bodaboda unapopokea iliyorudi. Na lebo usiining'inize ndani ya shingo; ishonee kifuani, kubwa, kwa uzi mmoja, na uandike kwenye tangazo kwamba ikikatwa nguo hairudi. Hakuna atakayekwenda baraza la Idi na lebo kifuani. Soko likikubali sharti hilo, nalo ni sharti miongoni mwa masharti.

"Mali ikiuzwa hairudishwi", maneno yaliyobandikwa katika nusu ya maduka ya mjini, huwezi kuyaandika hapo kwa sababu umeshakubali siku saba. Dukani kwako nje ya soko hilo unaweza, kwa maana ya kwamba hukubali kurudishiwa kwa kubadili mawazo tu. Kwa kasoro hayakusaidii. Imamu Malik amepokea katika kitabu chake, Muwatta, kwamba Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa wake kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akaja kulalamika kwamba ana maradhi ambayo hakuambiwa. Wakaenda kwa Uthman bin Affan, naye akaamua Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Akapona mikononi mwake, akamuuza tena kwa dirhamu 1,500. Madhehebu yetu yamekwenda mbali zaidi: sharti hilo linamwokoa muuzaji kwa maradhi ya ndani ya mnyama ambayo hakuyajua, basi. Nguo haimo.

Bei panda upendavyo, maadamu imeandikwa wazi na mnunuzi ameridhia. Inanisikitisha tu kwamba mteja mwema ndiye atakayemlipia yule wa udi, lakini kuharamisha siwezi.

Tumefika kwenye yale matatu.

Hayo, binti yangu, ni ghushi, yaani udanganyifu katika kuuza. Mtume alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikatoka vimeloa. Mwenye chakula akasema kimepatwa na mvua. Akamwambia, kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona? Anayetughushi si katika sisi. Ameipokea Muslim. Mvua ile haikuwa kosa la muuzaji, kama ambavyo kurudishiwa dera lililovaliwa si kosa lako. Kosa ni kuliweka juu lililo kavu, na lebo yako mpya ndiyo juu kavu. Uliyofanyiwa na mnunuzi wa kwanza humlipizi mnunuzi wa pili, hata hamjuani.

Biashara zenyewe zimesihi, hazikubatilika, lakini wanunuzi hao watatu wana khiyari ya kasoro, haki ya kurudisha, na hawajui kwamba wanayo. Sahaba Wathila bin al-Asqa' alimwona mtu amenunua ngamia anaondoka naye, akamkimbilia nguo zikiburura, akamuuliza unamtaka wa nyama au wa safari. Akasema wa kwendea Hija. Akamwambia, basi ana tundu kwenye unyayo. Muuzaji akalalamika kwamba ameharibiwa biashara yake, naye akamjibu kwa hadithi ya Mtume kwamba si halali kuuza kitu bila kubainisha kilichomo. Na Wathila hakuwa hata muuzaji.

Oda zina majina na nambari za simu. Wapigie wote watatu. Mwambie kila mmoja dera lake lilikuwa limerudishwa, na kwamba ana hiari: alirudishe kwa pesa zake zote na nauli juu yako, au abaki nalo umrejeshee tofauti. Akisema nimeridhika nalo hivi hivi, limekuhalalikia lote. Ambaye hapatikani, mrudie mara kadhaa kwa siku mbalimbali. Ukishindwa kabisa, toa tofauti yake sadaka kwa nia ya kuwa ni yake, na akijitokeza siku yoyote mweleze na umpe hiari ile ile.

Yaliyobaki yauze kwa bei ya chini na uandike "limerudishwa", na lile la tope uongeze "limevaliwa". Lile la udi usihangaike kulifua tena na tena. Andika kwamba limevaliwa mara moja na linanukia udi. Kwa watu wa pwani, sidhani kama litamaliza wiki.

Wallahu aalam.