Nyati wangu ametoka kijivu badala ya mweusi. Tatizo ni wino?

SWALI: Nachora nyati dume kwa echingi: nakwaruza mistari kwa sindano kwenye bamba la zinki lililopakwa vanishi, asidi ya nitriki inaila iwe mifereji ya kushika wino, kisha nachapa kwenye karatasi. Mabegani nilibananisha mistari ya sindano ili pawe peusi tititi. Nilipochapa, pakatoka kijivu chenye kingo nyeusi. Nibadili wino?

JIBU: Wino hauna kosa. Asidi ya nitriki haili kwenda chini tu, hula na pembeni. Mistari ikibanana, vikuta vyembamba vilivyo kati yake hubomoka, pakabaki kishimo kipana kisicho na kina. Ukifuta bamba kwa chachi, wino wa katikati hutoka wote. Unaosalia ni uliojibanza kingoni.

Bamba hilo bado linaokoleka. Lisafishe, lipakae vanishi ya kuzuia asidi kila mahali isipokuwa mabegani, kisha nyunyiza unga laini wa utomvu mkavu wa msonobari. Lipashe moto kwa chini mpaka chembe zing'ae na kushika, ndipo ulirudishe kwenye asidi. Chembe hukinga vidoa vya zinki, asidi hula katikati yake, na wino hupata pa kukaa. Hii ndiyo akwatinti. Vaa barakoa, na usinyunyize unga huo karibu na moto: ukitanda hewani unaweza kulipuka.

Kwa bamba lijalo, anza na mnyama mwenyewe. Uzito wa nyati uko mbele, kwenye pembe, shingo na mabega. Chora mistari yenye nafasi, ifuate mviringo wa misuli. Toa bamba kwenye asidi mapema, ziba mapaja ya nyuma kwa vanishi, rudisha. Ziba ubavu, rudisha. Pembe na mabega yakae kwenye asidi kuliko sehemu zote. Hicho kina ndicho kitakachompa nguvu, wala si wingi wa mistari. Mimi ningetumia shaba na kloridi ya feri, maana mifereji yake huwa na kuta zilizosimama zaidi. Ila laza bamba kifudifudi, mashapo yasizibe mistari.

Tafadhali usijaze nyasi na vumbi nyuma yake. Mchoraji wa Uhispania Francisco Goya, katika picha ya 20 ya La Tauromaquia (1816), mfululizo wake wa echingi za mchezo wa fahali, ameonyesha mtu akijiinua kwa mti mrefu na kuruka juu ya fahali, na sehemu kubwa ya uwanja ameiacha tupu. Utupu huo unamfanya fahali aonekane mzito zaidi.

Tena, picha hugeuka ikichapwa. Kama nyati wako ana pembe iliyovunjika kushoto, kwenye bamba ichore kulia.