Re: Makaratasi ya marehemu mbunge yameshika unyevu, nianzie wapi?

Mkuu, umeuliza uyapange makaratasi ya mjomba wako kwa mwaka au kwa mada. Usipange kabisa kwa sasa. Mpangilio alioacha yeye ni ushahidi: barua ya mpiga kura ikikaa nyuma ya rasimu ya swali la bungeni, inaonyesha swali lilitoka wapi. Ukizitenganisha, umefuta ushahidi huo. Andika namba za majalada kwa penseli tu.

Kwa hali ya hewa ya Lindi, adui wa kwanza ni unyevu. Inua masanduku sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta, maana mchwa hupandia hapo. Yaliyolowa yaanike kivulini penye upepo. Jua hupausha wino na kukunjamanisha karatasi. Ukungu usiufute ukiwa mbichi, utaupaka tu. Ukikauka, upanguse nje kwa brashi laini, ukiwa na barakoa. Pini zilizoshika kutu usizing'oe kwa nguvu: penyeza kipande cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi, kisha nyoosha miguu yake taratibu. Selotepu na laminesheni, hapana.

Hansard (taarifa rasmi za mijadala ya Bunge) zilizochapwa zisikusumbue, Bunge lina zake. Thamani iko kwenye daftari za ziara na barua za wananchi. Ila barua hizo zinataja magonjwa na migogoro ya mashamba ya watu walio hai, hivyo zitengee orodha yake na usizipige picha kuweka mtandaoni. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majalada yenye mhuri wa serikali, waulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla hujampa mtafiti yeyote.