Mdogo Wangu Uliyepangwa Taiti Endi

Kila Agosti mazoezi ya futiboli ya Kimarekani yanapoanza hapa shuleni Marekani ninakosaidia ukocha, huwa hakosi kijana wetu mmoja au wawili. Wazazi wametoka Bukavu, Kigoma au Mombasa. Kijana ni mrefu, mikono mirefu, kikapu anakiweza. Kocha mkuu humtazama mara moja tu na kumwambia, wewe taiti endi. Kijana anaitikia, kisha ananifuata pembeni na kuniuliza kwa Kiswahili: "Kaka, hiyo ni kazi gani?"

Ni kazi mbili, mdogo wangu. Timu inayoshambulia ina watu 11, na kwa kawaida 7 hujipanga mstari wa mbele. Katika hao 7, walioko pembeni kabisa, mmoja kila upande, ndio pekee wanaoruhusiwa kudaka pasi. Wewe utasimama hapo. Safari hii utapambana na bonge la mtu asimfikie kwotabeki wako, yule anayerusha pasi. Safari ijayo utachomoka mbio kwenda kudaka katikati ya watu wanaongoja kukuangusha. Mimi nilipofika Marekani nikiwa na miaka 16 niliipenda ya pili na kuidharau ya kwanza. Nilidaka vizuri, nikazuia kivivu. Nilikaa benchi msimu mzima, na nilistahili.

Ukitaka kuona kazi hii inavyoweza kudumu, mfuatilie Tony Gonzalez. Naye alitoka kwenye kikapu: chuo kikuu cha California, Berkeley, alicheza michezo yote miwili. Mwaka 1997 Kansas City Chiefs, timu ya ligi ya kulipwa, NFL, walimchagua akiwa mtu wa 13 kati ya chipukizi wote. Watu walitegemea makubwa. Msimu wake wa pili, 1998, akawa anatema mipira. Pasi inamfika mikononi, inaanguka, uwanja mzima unaona. Alidaka 59 mwaka ule na kupata tachidauni 2 tu, yaani kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, lakini watu walizungumzia zile alizotema.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Mtu mwenye kipaji kile angeweza kusema ni bahati mbaya, mwakani itakuwa sawa. Yeye alirudi kwenye jambo dogo kuliko yote: kudaka. Kabla ya mazoezi anadaka, baada ya mazoezi wenzake wakienda kuoga yeye bado anadaka, ya juu, ya chini, ya nyuma ya bega. Mwaka 1999 alidaka 76 na kufunga tachidauni 11. Wengi wangeishia hapo, maana dawa imeshafanya kazi. Yeye aliendelea na utaratibu ule hadi alipostaafu mwishoni mwa msimu wa 2013, akiwa na misimu 17, 12 Kansas City na 5 Atlanta Falcons. Alidaka mipira 1,325, akasogeza timu yadi 15,127, tachidauni 111. Na katika miaka yote hiyo alikosa mechi 2 tu. Kwangu mimi hiyo namba ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu huu ni mchezo ambao wengi huachia njiani mapema sana.

Basi anza hivi. Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vikaribiane. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vikaribiane. Daka kwa vidole, usiukumbatie kifuani, kwa sababu kifua kinaurudisha mpira. Macho yaufuate mpaka uingie kwapani. Vijana wengi hutema kwa sababu wameshaanza kumtafuta adui kabla mpira haujatulia. Daka 50 kila siku, hata siku unayojiona umeshajua.

Kuzuia hakuna wa kukupigia makofi. Hatua ya kwanza iwe fupi, kama sentimita 15, magoti yamekunjwa, mikono iingie ndani na kumshika kifuani, siyo nje ya mabega, utapigiwa filimbi. Atakayekuwa chini zaidi ndiye atakayemsukuma mwenzake, hata kama amezidiwa kilo 20. Ukidhani kazi hii haina maslahi, mtazame Marcedes Lewis. Aliingia ligi mwaka 2006 na Jacksonville Jaguars. Mwaka 2023, akiwa Chicago Bears, alidaka mipira 4 msimu mzima. Minne! Na bado mwaka uliofuata, akiwa ametimiza miaka 40, Bears walimtaka tena, kwa sababu mtu anayezuia kama yeye hapatikani kirahisi.

Wazazi wako wataniuliza kuhusu ushindi, kwa hiyo nawaambia pia hili. Gonzalez alicheza mechi 5 za mtoano bila kushinda hata moja. Ya 6 ilikuwa Januari 2013, akiwa na miaka 36, Atlanta wakicheza na Seattle Seahawks. Seattle walitoka nyuma wakaongoza 28 kwa 27, zikabaki sekunde 31. Pasi ya mwisho ilikwenda kwake, yadi 19 katikati ya uwanja. Akaidaka, mpiga mateke wao Matt Bryant akapiga teke la ushindi, 30 kwa 28. Mzee yule alilia. Wiki iliyofuata walifungwa na San Francisco, na hakuwahi kufika fainali kuu. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu mwaka wa kwanza tu alioruhusiwa.

Kuhusu chakula na usingizi tutaongea uwanjani. Ila kuhusu kichwa nakuomba kama kaka yako: usimkabili mtu kwa helmeti, inua uso umwone. Na siku ukigongwa ukahisi kizunguzungu, au taa zinakuumiza macho, mwambie kocha saa ileile, hata kama tunaongoza, hata kama mama yako yuko jukwaani. Nitakutoa, na nafasi yako utaikuta ukirudi.