Mofini, tramadoli na mgongo unaouma: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni: mofini, pethidini, kodeini, tramadoli, oksikodoni. Nimechagua yanayorudiwa zaidi na kuondoa majina. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwetu tunakosea pande zote mbili kwa wakati mmoja: mgonjwa wa saratani anaachwa alie usiku kucha kwa sababu watu wanaiogopa mofini, huku kijana mwenye mgongo unaouma akiuziwa tramadoli bila cheti, kama ananunua pipi.

Shikamoo daktari. Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali walitupa chupa ya mofini ya maji. Baba mdogo anasema hiyo ni dawa ya mtu anayeaga dunia, na akipona atakuwa teja. Tulimpa mara mbili tukaacha tangu juzi. Usiku halali kwa maumivu. Tufanyeje? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Wapigieni simu kliniki leo hii, waambieni mliacha lini, kisha mrudishieni mama dawa yake kwa kiasi watakachowaambia.

Hofu ya baba mdogo naielewa. Watu wameona mofini ikitolewa mgonjwa akiwa hoi, siku mbili baadaye akafariki, wakaunganisha mambo mawili. Kilichomuua ni saratani. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa mkubwa, hazijaonyesha kwamba mofini iliyopimwa vizuri inafupisha maisha. Na hilo la uteja, tutenganishe vitu viwili. Mwili wa yeyote anayetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla. Uraibu ni pale mtu anapoisaka dawa ingawa inamharibia maisha. Mama anayeuliza dozi yake saa ikifika anaomba nafuu, basi.

Sasa namna ya kumpa. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo huandikwa kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajarudi. Mkisubiri mpaka alie, maumivu yatakuwa yameshawatangulia na dozi ileile itaonekana haifanyi kazi. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Wekeni daftari kando ya kitanda: saa, mililita, jina la aliyempa. Familia nyingi humpa mgonjwa mara mbili, au zisimpe kabisa, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshampa.

Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa sababu utumbo hauizoei dawa hii. Mama anapaswa kuwa na dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, tangu siku ya kwanza. Kama hamkupewa, iulizeni. Akilala kiasi cha kutoamshika, au pumzi zikawa chache na zinazoachana sana, msimwongezee tone, mkimbizeni hospitali.

Mwambieni baba mdogo na habari ya Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na mofini ya kunywa ikawa inatengenezwa hukohuko kwa kuchanganya poda na maji, kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 kanuni zikaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu vijijini daktari hayupo. Kwingineko pengo bado ni la kutisha. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa hizi, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Yaani kilo 100 tu. Chupa mliyonayo ndani ya nyumba, mamilioni ya wagonjwa wameikosa.

Vipi daktari. Naendesha bodaboda, mgongo unanitesa. Jamaa wa kijiweni alinionyesha tramadoli. Nilianza na kimoja, sasa nameza vinne kwa siku. Nisipopata natoka jasho, miayo haikatiki, tumbo linakata, usiku sipati usingizi. Mgongo umezidi au? (Msomaji, Morogoro)

Hiyo ni arosto, ndugu yangu. Wengi wanajua arosto ni ya watumiaji wa unga, lakini tramadoli nayo huingia kwenye vipokezi vilevile vya ubongo, kwa hiyo mwili ukiizoea unaidai. Haina maana kwamba wewe ni mtu mbaya, na ina tiba.

Chukua pakiti uisome. Kidonge kimoja kina miligramu 50 au 100? Dozi ya juu kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Vinne vya 100 vimeshakufikisha ukingoni, na hapo hatari ya kuanguka kifafa inapanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Tramadoli ina sifa hiyo kuliko ndugu zake wengi, kwa sababu huchezea pia kemikali nyingine za ubongo, ikiwemo serotonini. Kuanguka kifafa barabarani ukiwa na abiria ni vifo viwili. Ukiichanganya na pombe au Valium, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ndiyo mbaya zaidi: vyote vinasinzisha sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na mtu hulala akasahau kupumua.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kwa mgongo dawa hii haikusaidii kama unavyodhani. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Minneapolis, Marekani, ulioongozwa na daktari Erin Krebs. Wanajeshi wastaafu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakaanzia dawa za jamii ya afyuni, nusu dawa za kawaida kama parasetamoli na za jamii ya ibuprofeni. Baada ya miezi 12, wa kundi la kwanza hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi ya wenzao. Maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi, na madhara ya dawa mengi zaidi. Mwaka 2023 utafiti wa Australia kwenye Lancet, wa watu 347 wenye maumivu mapya ya mgongo au shingo, ulilinganisha oksikodoni na kidonge kisicho na dawa. Wiki ya sita hapakuwa na tofauti ya maana.

Usiache kwa siku moja. Nenda hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, useme ukweli wote kama ulivyoniambia mimi. Wanapunguza dozi hatua kwa hatua. Usione haya kuingia mlango huo. Tanzania ilianza kutibu uraibu wa heroini kwa methadoni pale Muhimbili mwaka 2011, na wahudumu wa vitengo hivi wameshaona mengi. Mgongo wenyewe uchunguzwe, hasa kama mguu unakufa ganzi au wewe unashindwa kuzuia mkojo. Hilo la pili ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. La sivyo, mazoezi ya tiba, kushuka kwenye pikipiki kila baada ya safari kadhaa, na dawa ya kawaida kwa siku chache, ukiwa huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo.

Habari daktari wetu. Nasomea uuguzi Nairobi. Marekani kuna watafiti wengi na vifaa vyote. Ilikuwaje wakaamini dawa hizi hazileti uraibu? (Msomaji, Nairobi)

Swali zuri, na jibu lake kila mwanafunzi wa afya angepaswa kulijua. Sehemu kubwa ilianza na barua. Januari 1980, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya sentensi tano kutoka kwa Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa hizi hospitalini, walikuta 4 tu walioingia kwenye uraibu uliothibitishwa, kwa watu ambao hawakuwa na historia hiyo. Hao walikuwa wamelazwa, muuguzi ndiye aliyeshika dawa. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayekwenda nyumbani na kopo la vidonge vya miezi mitatu.

Lakini ndivyo ilivyotumiwa. OxyContin, oksikodoni ya kuachia dawa polepole, iliingia sokoni mwaka 1996, na madaktari wakahakikishiwa kwamba uraibu ni nadra. Mwaka 2017 watafiti walihesabu kazi 608 zilizoitaja barua ile: asilimia 72 ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na takriban asilimia 80 hazikutaja kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Naamini wengi wa walioinukuu hawakuwahi kuisoma, ingawa kuisoma ni dakika moja. Mwaka 2007 kampuni dada ya Purdue iliyotengeneza dawa hiyo ilikiri kosa mahakamani la kupotosha kuhusu hatari yake. Uhakiki wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti 38 za watu wenye maumivu sugu, ulikadiria kwamba wastani wa asilimia 8 hadi 12 ya wanaoandikiwa dawa hizi huingia kwenye uraibu. Mbali sana na wanne kati ya karibu elfu kumi na mbili.

Kisha wakaenda upande wa pili. Baada ya mwongozo wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2016, baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa kwa miaka walikatiziwa ghafla, mpaka FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ikatoa onyo mwaka 2019 kuhusu madhara ya kufanya hivyo, yakiwemo kujiua. Mwaka 2022 mwongozo ukarekebishwa. Mwaka huohuo zaidi ya watu 80,000 walikufa Marekani kwa dawa za jamii hii, sasa wengi kwa fentanili ya magendo, dawa ya jamii hiihii yenye nguvu kuliko mofini.

Mtoto wangu wa miaka minne anakohoa. Dukani nimepewa dawa ya maji yenye kodeini. Nimpe? (Msomaji, Tabora)

Usimpe. Ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na kuna watu ambao ini lao hufanya kazi hiyo upesi mno. Ethiopia, kwa mfano, wako wengi. Huwezi kumjua kwa kumtazama. Watoto wamepoteza pumzi kwa dozi ya kawaida, ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataza kwa walio chini ya miaka 12 na kuwaonya mama wanaonyonyesha. Mpe asali kidogo, maji na mapumziko. Akihema haraka au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya sasa hivi.

Mwanangu ana miaka 14 na ana selimundu. Akizidiwa anaomba sindano ya mofini, wahudumu wanasema anajizoesha. Nimebaki njia panda. (Msomaji, Mwanza)

Mwamini mtoto wako, mama. Maumivu ya selimundu ni ya mfupa unaokosa damu. Miongozo ya mwaka 2020 ya chama cha wataalamu wa damu cha Marekani inataka apewe dawa ya maumivu ndani ya saa moja tangu afike. Omba kliniki yake imwandikie barua yenye utambuzi wa ugonjwa na dozi anayohitaji, aibebe kila aendako. Muhimu zaidi, uliza kuhusu haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha inapunguza vipindi vya maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo kwa watoto wetu hasa.

Nipo Columbus, Ohio. Nilifanyiwa upasuaji wa goti, nikatumia oksikodoni siku tatu, zilizobaki ninazo. Mama yuko Tanga, magoti yanamsumbua. Nimpe mgeni anayekuja nyumbani? (Msomaji, Marekani)

Hapana, kaka. Utamtia mgeni wako matatani na sheria, na ule utafiti wa Minneapolis ulihusu magoti kama ya mama. Wewe kuacha mapema umefanya vyema: takwimu za huko zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba walioanza kwa dozi ya angalau siku moja, takriban asilimia 6 walikuwa bado wanatumia mwaka mmoja baadaye, walioanza kwa siku 8 au zaidi, asilimia 13.5. Famasia nyingi za huko zina sanduku la kurudishia dawa, zipeleke. Nauli ya mizigo uliyokusudia, mtumie mama aende hospitali ya Bombo akapigwe picha ya magoti na kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya tiba.