Kabla hujashangilia ZT yako

Mwezi huu nimemwona mgeni wa tatu akitoka maabara mbio, kompyuta mpakato mkononi, kutangaza kwamba ZT ya silikoni yake imevuka 1. ZT ni kipimo cha jinsi kitu kinavyofaa kugeuza joto kuwa umeme; hupanda upitishaji joto ukishuka. Wadogo zangu, kaeni kidogo tuzungumze.

1. Upitishaji joto ukitoka mdogo mno, utilie shaka. Hapa ndipo nilipoumia. Tangu 2008 sote tunaijua ile habari: nyaya nano za silikoni zenye uso wa kukwaruza, unene wa nanomita 50 hivi, zilifika ZT ya 0.6 kwenye joto la chumba, wakati silikoni ya kawaida iko karibu na 0.01. Nikataka na yangu. Nikabana msitu wa nyaya zangu katikati ya vipande viwili vya shaba, nikasoma halijoto kwenye shaba zenyewe, nikapiga hesabu. Jibu likawa dogo ajabu. Usiku uleule nilimwandikia msimamizi, na wiki iliyofuata nikasimama mbele ya kundi zima na michoro yangu. Miezi minne baadaye mwenzangu akapima sampuli za urefu tofauti: nyaya zikiwa fupi, upitishaji nao unashuka. Joto lilikuwa likikwama kwenye maungio, pale shaba inapogusa ncha za nyaya, nami nililihesabia silikoni. Ilinibidi nirudi mbele ya watu walewale kufuta matokeo. Kimya cha chumba kile bado ninacho. Pimeni sampuli za urefu tofauti, tatu au zaidi, mchore ukinzani wa joto dhidi ya urefu. Mstari unapokata mhimili wa ukinzani, pale urefu ni sifuri, hayo ndiyo maungio yenu.

2. Ondoeni oksidi iliyo juu ya silikoni kabla tu ya kuweka metali ya maungio.

3. Fedha, ile metali, inayobaki kwenye nyaya baada ya kuzichonga ioshwe kwa asidi ya nitriki. Na jeli ya kalsiamu glukonati, ya huduma ya kwanza, iwe karibu kila mnaposhika asidi ya haidrofloriki. Nilimfokea mmoja wenu juu ya glavu, akanuna. Anune tu: asidi ile huweza kupenya ngozi bila maumivu ya haraka.

4. Vipimo vyote vinavyoingia kwenye hesabu ya ZT vitoke sampuli moja, mwelekeo mmoja.

5. Utando wa kuvaa mwilini, wa kuzalisha umeme kwa joto la mwili. Ngozi na hewa zikitofautiana nyuzi 10, utando mwembamba haupati zote. Sehemu kubwa huishia hewani. Juzi kijana mmoja alikokotoa nguvu kwa nyuzi 10 kamili. Tukaketi, tukafanya mfano wa utando unaopata nusu nyuzi. Kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa tofauti, hesabu yake ilikuwa kubwa mara 400. Akachukua kipimajoto, akarudi maabara.