Usiintegreti Ψ4 mara mbili hivyo, J itakudanganya

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una Ψ4 (kipimo cha mawimbi ya mvutano kinachotoka kwenye uigaji wa kompyuta) ya mashimo meusi mawili yenye masi sawa, yasiyojizungusha, na unataka kuiintegreti mara mbili kwa kanuni ya trapezi, kisha uondoe mstari ulionyooka (mteremko bandia), ili upate momentamu ya mzunguko (J) iliyobebwa na mawimbi ya mvutano. Usithubutu. Hilo kosa nimelilipia.

Ubaya wake ni kwamba nishati itatoka vizuri, nawe utatulia. Wimbi lenyewe ni h, ḣ ni kasi ya kubadilika kwake, na Ψ4 ni badiliko la pili la h. Nishati inahitaji ḣ tu, yaani kuintegreti mara moja. J inahitaji ḣ pamoja na h yenyewe: dJz/dt ni r²/16π mara jumla ya m·Im(h ḣ*) kwa modi zote (r ni umbali wa kupimia, Im ni sehemu ya kufikirika, modi ni vipande vya wimbi vyenye namba mbili l,m, kama 2,2). Kila ukiintegreti, kelele ya frikwensi ω inagawanywa kwa ω. Kelele iliyo kwenye sehemu ya kumi ya frikwensi ya wimbi hukuzwa mara 10 ndani ya ḣ, mara 100 ndani ya h. Basi h inayumba kama ngalawa iliyokatika nanga, tena kwa mkunjo usiotabirika. Mstari hautoshi. Ukipandisha hadi polinomia ya daraja la juu, unaanza kula wimbi halisi.

Aliyewaandikia watu "toa mstari, utakuwa salama" bila kueleza ni data ya namna gani amewaharibia wengi. Maelekezo yale yananakiliwa mpaka leo, inauma.

Fanya kazi kwenye frikwensi. Kata mlipuko bandia wa mwanzo wa uigaji, shusha kingo za data taratibu hadi sifuri, chukua badiliko la Fourier (linalogawa wimbi katika frikwensi zake), gawanya kwa −ω². Pale |ω| inaposhuka chini ya ω0, kikomo unachochagua mwenyewe, gawanya kwa −ω0². Ni njia ya Reisswig na Pollney, 2011.

Roho yote iko kwenye ω0. Mzunguko ukianza na MΩ = 0.05 (M ni masi ya jumla, Ω ni kasi ya mashimo kuzungukana), modi ya 2,2 inaanzia Mω = 0.1, yaani m mara MΩ, hivyo weka 0.08. Modi ya 4,4 weka 0.16. Ukiweka 0.2 kwa 2,2 umelidumaza wimbi la mwanzo na J itapungua, ukiweka 0.01 umeikaribisha kelele tena.

Halafu mizania, na hapa sibembelezi mtu: J ya ADM (ya mfumo mzima) ya mwanzo, toa J ya mawimbi, lazima ikupe J ya shimo lililobaki. Kwa mashimo yako, masi za mwanzo zikijumlika kuwa 1, shimo la mwisho lina masi 0.952 na J/M² ya 0.686 (M hapa ni masi yake hiyo). Zidisha 0.686 kwa 0.952 mara mbili: karibu 0.62. Usipoifikia, usimwonyeshe mtu grafu yoyote.

Pima kwenye nusukipenyo kadhaa, zipange kwa t − r* (wakati uliotolewa muda wa safari ya wimbi), ambapo r* = r + 2M ln(r/2M − 1), ndipo uvute kuelekea 1/r = 0, yaani umbali usio na mwisho. Kisha rudia yote kwa ω0 ya 0.07 na 0.09. J ikiruka kati ya hizo mbili, kelele bado imo ndani au umekata wimbi.